KELELE ZA UWANJANI NA AFYA YA MCHEZAJI

   

Leo tutazungumza kuhusu mpira wa miguu. Pengine unasema moyoni, "Mpira ni mambo ya baba na vijana, hayanihusu." Tafadhali usibadilishe stesheni. Kila mchezaji unayemsikia akitajwa redioni ni mtoto wa mtu. Na huenda mwanao pia yuko nje sasa hivi akiupiga mpira wa makaratasi, akiota kuwa siku moja atacheza Nyayo au Kasarani.

Swali letu la leo ni hili: Kwa nini mchezaji wa kulipwa, aliyefanya mazoezi tangu utotoni, hupoteza mpira rahisi mbele ya watu wanaomzomea? Je, ni mwoga? Je, ni mvivu? Hapana. Ni mwili wake unaofanya kazi ambayo miili yetu sote hufanya. Ukielewa jinsi kelele zinavyomfikia mtu mzima aliyezoea, utaelewa zinavyomfikia mtoto wako ambaye bado hajazoea.

KELELE HUINGIAJE MWILINI?

Unapokutana na jambo la kutisha, ubongo hutuma habari haraka kwa tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizo humwaga kemikali katika damu. Moja inaitwa adrenalini. Nyingine inaitwa kortizoli. Kazi yake ni kukutayarisha kupigana au kukimbia. Moyo hudunda kwa kasi. Pumzi huwa fupi. Mdomo hukauka. Misuli hukazana. Tumbo husokota. Hivi ndivyo ulivyohisi siku ile ulipokutana na nyoka njiani, au ulipopigiwa simu usiku wa manane.

Ubongo hauna njia mbili za kutisha, moja ya nyoka na nyingine ya watu. Maelfu ya watu wakimpigia mtu mmoja mayowe, mwili wake huyachukulia kama hatari. Kiasi kidogo cha adrenalini humsaidia mchezaji kwa sababu humwamsha na kumpa nguvu. Kikizidi, huharibu. Macho huona kidogo tu kilicho mbele, naye hamwoni mwenzake aliye wazi pembeni. Misuli iliyokazana huupiga mpira juu ya lango.

Kuna jambo lingine. Fikiria mama anayepika chapati kila siku. Mikono yake inaijua kazi, hata anaweza kuzungumza na jirani huku akizigeuza. Sasa waweke watu mia moja wamzunguke, na kila akigusa unga wamcheke. Ataanza kuifikiria mikono yake: "Nimeshika sawa? Nimesukuma sana?" Chapati itaungua. Si kwamba amesahau kupika. Ni kwamba kazi ambayo mwili uliifanya wenyewe sasa inafanywa kwa mawazo, na mawazo ni mazito kuliko mazoea. Hivyo ndivyo mchezaji stadi anavyokosa penalti ambayo mazoezini angeifunga hata akiwa amechoka.

JE, KELELE HUBADILISHA MATOKEO KWELI?

Kwa miaka mingi watu walijua kwamba timu hushinda zaidi ikicheza nyumbani. Lakini ilikuwa vigumu kujua sababu. Je, ni kuuzoea uwanja? Ni uchovu wa safari ya wageni? Au ni mashabiki?

Ugonjwa wa korona ulitupa jibu la sehemu fulani. Kuanzia mwaka wa 2020, mechi nyingi za Ulaya zilichezwa bila watazamaji. Katika Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2020 hadi 2021, karibu mechi zote zilichezwa viti vikiwa vitupu. Wageni walishinda mechi 153, na wenyeji 144. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya ligi ya juu ya nchi hiyo kwa wageni kushinda zaidi ya wenyeji. Uwanja ulikuwa ule ule. Safari zilikuwepo. Kilichokosekana ni sauti.

Wachunguzi waliona jambo lingine katika mechi hizo: timu za wageni zilipewa kadi chache kuliko zamani. Kwa hivyo kelele hazimfikii mchezaji peke yake, humfikia hata refa. Mwaka wa 2002 wataalamu wa Uingereza walichapisha jaribio lao juu ya jambo hili. Walichukua marefa 40 na kuwaonyesha mchezo mmoja uliorekodiwa. Wengine waliutazama ukiwa na sauti ya mashabiki, wengine ukiwa kimya. Wale waliosikia kelele waliwahesabia wenyeji makosa machache zaidi, upungufu wa karibu asilimia 15. Hawakuhongwa. Walikuwa binadamu, na binadamu hupenda kuepuka hasira ya umati.

Nao wataalamu wengine wa huko huko Uingereza walipima mate ya wachezaji kabla ya mechi. Katika matokeo waliyotoa mwaka wa 2003, kiwango cha homoni iitwayo testosteroni kilikuwa juu zaidi wachezaji walipojiandaa kucheza nyumbani kuliko ugenini. Ni kama mwenye boma anayesimama mlangoni kulinda watu wake. Mgeni hana boma la kulinda.

Hata hapa kwetu tumeliona hili. Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa mashindano ya CHAN. Pale Kasarani, Harambee Stars waliishinda Moroko bao 1 kwa 0 ingawa walibaki wachezaji kumi uwanjani. Moroko hao hao ndio walioondoka na kombe. Sauti ya nyumbani ni chakula. Lakini si dawa ya kila kitu. Siku chache baadaye, katika uwanja ule ule, Kenya iliondolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti.

UWANJA WENYEWE

Si watu tu wanaomchosha mgeni. Hali ya mahali pia humsumbua: kitanda kigeni, chakula kigeni, joto, baridi, na hewa. Mji wa La Paz nchini Bolivia uko mita zipatazo 3,600 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Mwezi wa Aprili 2009, Argentina iliyokuwa na Messi, chini ya kocha Maradona, ilifungwa huko mabao 6 kwa 1. Mwili huhitaji muda kuzoea mahali papya. Kumbuka hili mwanao anaposafiri kwa mashindano ya shule: usingizi, maji na chakula alichokizoea ni sehemu ya maandalizi.

KELELE ZINAPOGEUKA MATUSI

Kushangilia timu yako ni jambo moja. Kumtukana mtu kwa sababu ya rangi yake au kabila lake ni jambo lingine kabisa. Zomea ya kawaida huisha filimbi inapopigwa. Tusi linalogusa utu wa mtu humfuata hadi kitandani.

Mwezi wa Februari 2006, Samuel Eto'o wa Kameruni, aliyekuwa akiichezea Barcelona, alianza kutoka nje ya uwanja mjini Zaragoza kwa sababu mashabiki walikuwa wakimlilia kama nyani. Wachezaji wa timu zote mbili walimsihi abaki. Alibaki, na timu yake ikashinda. Lakini jiulize, mama: ni kazi gani nyingine ambapo mtu hutukanwa hivyo mbele ya maelfu, kisha akaambiwa aendelee kufanya kazi?

Miaka 17 baadaye, Mei 2023, Vinícius Júnior wa Real Madrid alitukanwa vivyo hivyo katika uwanja wa Mestalla mjini Valencia. Mwezi wa Machi 2024, akizungumza na waandishi wa habari, kijana huyo alilia. Alieleza kwamba hamu yake ya kucheza inazidi kupungua. Huyu ni mmoja wa wachezaji bora duniani. Ana fedha, ana umaarufu, na bado alilia. Mwezi wa Juni mwaka huo, mahakama ya Uhispania iliwahukumu mashabiki watatu kifungo cha miezi minane kwa matusi ya Mestalla. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini humo kwa matusi ya ubaguzi uwanjani.

Kwa hivyo tusiseme, "Analipwa vizuri, avumilie." Mshahara haufungi masikio. Mtu anayetukanwa mara kwa mara hukosa usingizi, hukasirika upesi, na furaha ya kazi yake humwisha. Kortizoli isiposhuka kwa muda mrefu huuchosha mwili wote.

ZOMEA YA NYUMBANI NDIYO KALI ZAIDI

Mwenzangu, kuna kelele ambazo huumiza kuliko za wageni. Ni zile zinazotoka kwa watu wako mwenyewe.

Mwaka wa 1950 Brazil iliandaa Kombe la Dunia. Tarehe 16 Julai, mbele ya watu karibu 200,000 katika uwanja wa Maracanã, ilishindwa na Uruguay mabao 2 kwa 1. Lawama zilimwangukia kipa, Moacir Barbosa. Alilaumiwa mwaka huo, na mwaka uliofuata, na miaka yote hadi alipofariki mwaka wa 2000. Miaka 50 kwa sababu ya bao moja.

Sasa sikiliza habari ya kijana mwingine, uone tofauti. Mwezi wa Julai 2021, Uingereza ilicheza fainali ya Ulaya dhidi ya Italia katika uwanja wake wa Wembley. Mechi iliamuliwa kwa penalti. Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka walikosa. Saka, ambaye wazazi wake wanatoka Nigeria, alikuwa na miaka 19 tu, na mkwaju wake ndio uliokuwa wa mwisho. Usiku huo matusi ya rangi yaliwamiminikia wote watatu kupitia simu. Saka aliandika baadaye kwamba mara tu alipokosa alijua ni chuki ya namna gani ingemfikia.

Lakini si hayo tu yaliyomfikia. Aliporudi mazoezini katika klabu yake ya Arsenal, alikuta ukuta umejaa barua za watu waliomwandikia kumtia moyo. Mwezi wa Agosti, alipocheza ugenini kwa Tottenham, mahasimu wakubwa wa Arsenal, mashabiki wa Tottenham walimpigia makofi na kuinua bango la kumuunga mkono.

Miaka mitatu ikapita. Tarehe 6 Julai 2024, katika robo fainali ya Ulaya dhidi ya Uswisi, Uingereza ilikuwa nyuma. Saka ndiye aliyesawazisha. Zikaja penalti tena. Saka akasonga mbele, akapiga, akafunga. Uingereza ikashinda.

Barbosa na Saka wote walikosea mbele ya taifa lao. Mmoja alifuatwa na lawama hadi kaburini. Mwingine alitukanwa, lakini alikuwa na watu waliomshika. Hatusemi kwamba barua ndizo zilizofunga penalti. Tunasema kwamba mtu aliyeshikwa anaweza kurudi na kujaribu tena.

WACHEZAJI WA KULIPWA HUJIKINGA VIPI?

Wataalamu hawamwambii mchezaji "usiogope." Maneno hayo hayasaidii. Wao humfundisha mambo ya kufanya:

Kupumua polepole. Anavuta hewa kwa pua, anaitoa taratibu kwa mdomo. Moyo hutulia.

Kuwa na utaratibu uleule kila mara. Anauweka mpira, anarudi hatua zilezile, anapumua, anapiga. Mazoea hayo huyafunga mawazo mlango.

Kutoharakisha. Mtaalamu wa Norway, Geir Jordet, amechunguza penalti za mashindano makubwa kwa miaka mingi. Aliona kwamba wachezaji wanaokimbilia kupiga mara tu refa anapopiga filimbi hukosa zaidi. Mtu mwenye hofu hutaka jambo liishe upesi.

Kufanyia mazoezi kelele. Timu nyingine huweka vipaza sauti mazoezini na kupiga sauti za mashabiki, ili siku ya mechi zisiwe ngeni.

Kuzungumza na mtu. Kabla ya Kombe la Dunia la 2018, kocha wa Uingereza Gareth Southgate alikuwa na mwanasaikolojia, Dkt. Pippa Grange, katika kikosi chake. Wachezaji walijifunza kuzungumzia hofu zao. Mwaka huo Uingereza iliishinda Kolombia kwa penalti, ushindi wake wa kwanza wa namna hiyo katika Kombe la Dunia.

NA MWANAO JE?

Mchezaji wa kulipwa ana kocha, daktari na mwanasaikolojia. Mwanao ana wewe.

Katika viwanja vya shule na mitaa yetu, sauti kubwa kuliko zote mara nyingi si ya mahasimu. Ni ya mzazi, mjomba au kaka aliyesimama kando ya mstari. "Piga! Wewe ni mgonjwa?" "Toka hapo, unatuaibisha!" Mtoto anaweza kuisahau sauti ya watu mia wasiomjua. Ya kwako haisahau.

Dalili za mtoto anayelemewa ni hizi. Anaumwa tumbo au kichwa kila asubuhi ya mechi, lakini siku nyingine yuko sawa. Halali vizuri. Hataki kula. Ameanza kukojoa kitandani tena. Amekuwa mkali au mkimya kuliko kawaida. Anaficha viatu au kusingizia ugonjwa. Anasema, "Mimi si kitu."

Ukiona haya, usimcheke na usimpige. Fanya hivi:

1. Msikilize kwanza. Muulize, "Ulisikia nini uwanjani? Ulijisikiaje?" Kisha nyamaza umsikie.

2. Baada ya mechi mwambie, "Nimefurahi kukuona ukicheza." Mambo ya makosa mwachie kocha, nayo yangoje siku nyingine. Mpe maji na chakula kwanza.

3. Ukiwa kando ya uwanja, shangilia juhudi za watoto wote. Usimtukane refa. Mtoto anayeona mama akimtukana refa hujifunza kutukana.

4. Mfundishe kupumua polepole mara tano kabla ya kuingia uwanjani. Pumueni pamoja.

5. Akitukanwa kwa kabila, rangi, umbile au ulemavu, usimwambie "puuza tu." Mwambie kwamba kosa ni la aliyetukana. Kisha zungumza na mwalimu au kocha.

6. Kama ana simu, ichukue kwa upole usiku baada ya mechi. Usimwache asome matusi akiwa peke yake.

7. Akikataa kucheza kwa muda, mkubalie. Mpira ni mchezo, si hukumu.

Dalili zikiendelea zaidi ya majuma mawili, mpeleke kituo cha afya au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii. Mtoto akisema anataka kufa au kujidhuru, usingoje hata siku moja. Kaa naye, usimwache peke yake, na mtafutie msaada mara hiyo. Nambari ya simu ya kuwasaidia watoto nchini Kenya ni 116. Haitozwi pesa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kelele za chuki huusumbua mwili, hata wa mtu hodari. Si woga wala uvivu.

Sauti ya kutia moyo nayo huingia mwilini na kuujenga.

Matusi ya rangi na kabila si sehemu ya mchezo. Ni kosa.

Mtoto atakutana na zomea duniani. Asikutane nayo nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Watu wa mtaa wetu husema nini kando ya uwanja wakati watoto wanacheza? Ni maneno gani tungependa yaachwe?

2. Je, umewahi kufanya kazi unayoijua vizuri huku watu wakikutazama kwa ubaya? Mwili wako ulifanya nini?

3. Mtoto wako akikosa penalti Jumamosi hii, neno lako la kwanza kwake litakuwa lipi?

  Mweleze na jirani haya uliyoyasikia leo, na umweleze baba watoto pia kabla hajaenda uwanjani.